Tangi la Baba Subira

Nchi hii haipo. Nalisema hilo mapema, nisije nikaitwa pahala kujieleza. Haimo kwenye ramani, bendera yake hakuna aliyeiona, na wewe unayesoma huku ukitikisa kichwa, "Naijua hii, naijua," huijui. Nyamaza, usituponze. Jina lake Ngojani. Huko Ngojani kuna mji, na mjini kuna mtaa uitwao Visimani, na Visimani hakuna kisima hata cha dawa.

Bomba la Visimani lilikauka mwaka ambao Subira, binti pekee wa Machano mwashi, alianza darasa la kwanza. Subira akasoma, akamaliza, akaolewa, mumewe akaenda ng'ambo kusaka riziki, akamwacha na mimba ya kwanza. Na bomba bado linakohoa hewa tupu. Mtoto alikwishapewa jina kabla hajazaliwa, awe wa kiume awe wa kike: Heri. Maana wahenga walisema subira huvuta heri, na Machano aliyaamini ya wahenga kama alivyoyaamini ya serikali.

Na aliamini kweli, maskini! Alikuwa balozi wa nyumba kumi. Ukimwambia serikali imesema kesho, yeye hulala mapema. Majirani wakija kulalamika, huwakaribisha kibarazani: "Jamani, nchi ni kubwa. Tuvumilie." Na kwa kuwa wote walimwita Baba Subira, kwa desturi ya kumwita mtu kwa jina la mwanawe, maneno hayo yalimkaa vizuri mdomoni. Mkewe, Bi Kidawa, hakuamini neno lolote lililopita kwenye kipaza sauti.

Kilichomnyima Bi Kidawa usingizi ni hiki. Kituo cha afya cha Visimani kilikuwa na mkunga hodari, Nesi Tunu. Kilikuwa na daktari. Kilikuwa na chumba cha upasuaji kilichozinduliwa kwa ngoma na kukatwa utepe mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza kamera haikuwaka. Maji ndiyo hakikuwa nayo. Mwanamke akienda kujifungua, huenda na ndoo zake zilizonunuliwa kwa watu wa mikokoteni, wanaoyatoa maji mbali huko. Asiye na ndoo alipokewa vilevile, lakini kisu hakikumgusa, maana daktari hawezi kunawa mikono kwa mate.

"Baba Subira," Bi Kidawa alikuwa akisema, "mwanao huyu nyonga zake nyembamba kama zangu. Mimi nilipasuliwa. Naye atapasuliwa. Maji je?"

"Serikali inajua, mama. Inajua."

*

Siku moja Mheshimiwa Mkuu alipita Visimani akielekea kwingine. Watu wakaizuia barabara kwa ndoo tupu, wakapiga kelele: "Maji! Maji!" Mheshimiwa Mkuu akatoa kichwa juu ya paa la gari, akainua mkono, akasema neno ambalo viongozi wa Ngojani hufundishwa kabla ya kufundishwa kusoma:

"Wananchi, vuteni subira!"

Nyuma kabisa ya umati, mtu ambaye mpaka leo anatafutwa akajibu: "Tutaivutia nini?"

Watu wakacheka. Mheshimiwa Mkuu hakucheka. Alimgeukia waziri wake, Dakta Pambe, akamnong'oneza: "Wanauliza wataivutia nini. Shughulikia." Kisha paa likafungwa na msafara ukaenda zake.

Dakta Pambe huyo alizaliwa ng'ambo, akasoma ng'ambo, akaota mvi ng'ambo. Kiswahili alikabidhiwa siku ya kuapishwa, pamoja na gari, na gari alilijua zaidi. Kwake kila kitu kilikuwa mtu: meza amevunjika, barabara amejengwa, bajeti amepita. Mwanzoni watumishi walicheka chini kwa chini. Halafu mmoja alicheka kwa sauti akahamishiwa kisiwani, na Baraza la Lugha likakutana haraka likatangaza kwamba Mheshimiwa Waziri hakukosea. Aliyekuwa amekosea ni Kiswahili. Tangu hapo ngeli zikafutwa, na Ngojani yote ikalazimika kusema sukari amepanda bei, umeme amekatika, maji hayupo. Bi Kidawa alisema kwamba angalau hilo la mwisho linaeleweka, kwa sababu maji yalikuwa yameondoka bila kuaga, hivyo huenda yalikuwa mtu.

Baada ya muda redio ikatangaza kwa sauti ya waziri mwenyewe: "Wananchi wa Visimani! Serikali yenu amesikia! Kila mwananchi atapata tangi wake! Subira anakuja!"

Machano alilia. Naam, alilia, na sioni haya kusema. Kila mwananchi tangi lake! Siku hiyohiyo akachota saruji yake ya akiba, akaanza kujenga msingi kando ya nyumba: mawe chini, nondo katikati, juu kapiga lipu ikang'aa. Msingi wa kubeba tangi la lita elfu, lisitikisike.

"Tangi hujaliona, unalijengea kiti?" Bi Kidawa akamuuliza.

"Mgeni huwekewa kiti kabla hajabisha hodi."

Mtaa mzima ukamwiga. Wenye mabati wakaweka michirizi, wasio na mabati wakakopa mabati. Subira, tumbo mbele, akawa anakaa juu ya ule msingi jioni kupunga upepo. "Baba," alimtania, "tangi likija litanifukuza hapa." Na baba yake akamjibu kwamba likija atamjengea kiti chake pembeni, yeye na Heri, wakae wasikilize maji yakiingia.

*

Matangi yalipokewa mahali paitwapo Kituo cha Uhuru wa Kuchagua. Machano alikwenda na mkokoteni wa kuazima na kamba mpya ya katani. Ndani akamkuta afisa mmoja mwenye tai, Bwana Shangwe, anatabasamu kabla hajasalimiwa.

"Karibu, mzee wangu. Hongera. Leo unachagua."

"Nimekuja kuchukua tangi, mwanangu. Chombo kiko nje."

Bwana Shangwe akautazama mkokoteni dirishani, akakohoa kidogo. Akafungua mtoto wa meza, akatandika kitambaa cha mahameli, akaweka juu yake kitu cha kioo na chuma, chenye urefu wa kidole gumba.

"Hii sampuli?" Machano akauliza.

"Ndiye mwenyewe."

"Linaingia maji kiasi gani?"

"Hatiwi maji, mzee. Anatiwa Subira." Akainua kichupa cha kimiminika kizito. "Mheshimiwa Mkuu alisema mvute subira, mkauliza mtaivutia nini. Serikali sikivu amejibu. Unaitia humu, unabonyeza hapa, inapata moto, unavuta mvuke kama sigara. Ng'ambo chombo hiki ndicho wanachokiita tangi. Kuna ladha ya embe, ya nanasi, na ya Miradi Mikubwa. Hiyo ya mwisho inanukia rangi mbichi."

Wewe ungetukana, nami ningetukana, lakini Machano alikuwa balozi. Alijiambia kwamba huenda hiki ni cha kwanza tu, na kile kikubwa kinakuja nyuma kwa lori.

"Sasa tuchague," Bwana Shangwe akaendelea. "Kioo: kuna kinyoofu na kuna chenye kitambi. Chenye kitambi kinabeba zaidi, lakini hicho ni cha wakurugenzi na kwenda juu. Kidomo: chembamba au kipana. Kipana ni cha wanaovuta moja kwa moja mpaka kifuani, wale wenye vifua. Wewe utapata chembamba, unavuta kinywani kwanza, unameza kidogokidogo, mradi uzoee. Na hii chini ni pete ya hewa. Ukiizungusha huku, hewa nyingi, mvuke mwingi, humuoni hata aliye mbele yako. Ukiizungusha huku, hewa kidogo, koo linakuwasha. Hapo ni wewe na moyo wako. Hakuna askari atakayekuuliza."

Basi ndugu zangu, binadamu ni kiumbe wa ajabu. Machano aliyekuja na kamba ya katani akaanza kuchagua. Alishika kioo cha kijani akakiacha, akashika cheupe. Akajaribu kidomo cha mfupa, akajaribu cha shaba. Akaizungusha ile pete huku na huku, na kwa kuwa alikuwa fundi na nyuzi za skrubu zilikuwa zimekazana vizuri, akaona raha. Akaomba wamchoree jina la Subira kwenye chuma, wakamchorea bure. Mpaka anamaliza alikuwa amesahau kiu. Kisha akachungulia ndani.

"Na hii hapa katikati?"

"Aa. Hiyo koili. Ndio moyo wake. Waya umezungushwa, ndani kuna pamba. Pamba inakunywa Subira, waya ukipata moto Subira anageuka mvuke. Kuna ya nembo nyekundu na ya nembo ya bluu."

"Tofauti yake?"

"Moja nyekundu, nyingine bluu."

"Ndani?"

"Ndani imeshasukwa."

"Kaisuka nani?"

"Imeshasukwa, mzee."

"Na mtu akitaka kusuka yake mwenyewe?"

Bwana Shangwe akainuka akafunga dirisha. "Wapo waliotaka," akasema taratibu. "Sasa hivi wanasuka mikeka, kule kwenye kuta ndefu. Mzee wangu, kwa nini ujisumbue? Nje yote ni yako: kioo, pete, kidomo, rangi. Ndani serikali amekupunguzia kazi. Nyekundu au bluu?"

Machano akachagua bluu. Bwana Shangwe akampongeza kwa msimamo wake, akamuuliza mtaani wanamwitaje.

"Baba Subira."

Yule afisa akashika meza. "Baba... Subira?" Akatoka mbio kupiga simu. Aliporudi alikuwa na jasho na furaha. Mheshimiwa Waziri anakuja Visimani kuzindua matangi, na anatafutwa mwananchi wa kuvuta kwanza. Nani atamshinda Baba Subira? Atasimama jukwaani, atavuta, atapewa kipaza sauti aseme neno moja la shukrani.

Machano hakusikia mengine. Alisikia *kipaza sauti*. Hapo ndipo atakapoomba maji ya Subira.

Alipofika nyumbani, Bi Kidawa alikitazama kile kitu kiganjani mwa mumewe, akacheka mpaka akakaa chini, na alipoinua uso alikuwa hacheki. "Liweke basi kwenye kiti chake," akasema. Machano akaliweka juu ya msingi. Lilikaa pale kama punje ya mchele iliyosahaulika kwenye sinia.

*

Siku ya uzinduzi, Subira alishikwa na uchungu alfajiri.

Bi Kidawa akatoka kutafuta mikokoteni ya maji. Hakukuta hata mmoja. Mikokoteni yote ilikuwa imefukuzwa barabarani tangu jana, kwa sababu inaharibu sura ya mji mbele ya mgeni. Wakampeleka Subira kituoni hivyo hivyo, amejishikilia mabegani mwa wazazi wake. Nesi Tunu akampapasa tumbo, uso ukambadilika.

"Mtoto amekaa kimshazari. Huyu ni wa kupasuliwa. Daktari yupo, glovu zipo," akasema, akatazama mlangoni kwanza kama kuna mtu anasikiliza, "maji hayupo."

Wakati huohuo ukasikika mngurumo. Boza! Boza zima la maji likaingia Visimani, limejaa, linadondoka. Bi Kidawa akakimbia na ndoo mbili. Boza lilikuwa linakwenda polepole katikati ya barabara, nyuma limefunguliwa, linanyunyiza vumbi, ili waziri asichafuke viatu.

"Mwanangu!" Bi Kidawa akagonga mlango wa dereva. "Nijazie ndoo mbili tu. Nina mzazi!"

"Mama, maji haya ni ya barabara."

"Kwani barabara inazaa?"

Dereva alitazama mbele. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu mwenye kazi. Askari wakamsogeza Bi Kidawa pembeni. Wanawake wa mtaa wakainama wakaanza kuchota kwa vikombe kwenye mashimo ya barabara, wakapata tope jekundu, na Nesi Tunu alipoliona akafumba macho.

Bi Kidawa akamrudia mumewe akamshika shati. "Miaka yote umesema serikali inajua. Leo nenda ukaiambie. Usipoutumia mdomo wako leo, Machano, usiutumie tena nyumbani kwangu." Hakuwa amewahi kumwita kwa jina tangu Subira azaliwe.

Machano, tangi lake mfukoni tangu alfajiri, akaenda mbio kiwanjani.

Jukwaa lilikuwa na mazulia, na mbele ya kila kiti chupa ya maji ya baridi inatoa jasho. Bwana Shangwe akampokea, akatia Subira ladha ya Miradi Mikubwa kwenye tangi, akanong'ona: "Kawaida unaacha kwanza pamba ilowe, ndipo uvute. Hata Subira anahitaji kusubiriwa. Lakini ratiba amebana. Vuta tu." Machano akavuta. Pamba ilikuwa kavu, ikaungua. Koo likashika moto, machozi yakamtoka, akakohoa mpaka akainama.

"Machozi ya furaha!" Dakta Pambe akapaza sauti. Makofi yakapigwa. Waziri akamsogezea kipaza sauti. "Sema, Baba Subira! Subira yukoje?"

Machano akakishika kwa mikono miwili. Sauti ilikuwa imebaki kidogo.

"Mheshimiwa," akasema, "Subira yuko kituo cha afya..."

"Mmemsikia?" waziri akaruka. "Subira amefika mpaka kituo cha afya!" Makofi.

"Mheshimiwa, Subira anateseka. Amelala kitandani toka alfajiri. Hana maji..."

"Hana maji! Kabisa! Subira wetu ni halisi, hajachanganywa na maji hata tone!" Makofi, na vigelegele vya wale waliopangiwa vigelegele.

"Boza, Mheshimiwa! Naomba lile boza..."

Wakamnyang'anya kipaza sauti kwa heshima, kila mkono ukimpigapiga mgongoni. Naye akawa anasema bila kipaza sauti, na mtu asemaye bila kipaza sauti Ngojani hajasema.

Ndipo umati ukapasuka katikati, Bi Kidawa akapita. Hakuwa na ndoo. Kanga yake ilikuwa na damu mpaka magotini. Alisimama chini ya jukwaa, akamtazama mumewe, akatoa sauti ambayo haikuhitaji kipaza.

"Baba Subira! Subira hatunaye! Subira hatunaye tena!"

Akina mama wakaweka mikono kichwani. Juu ya jukwaa, ambako ngeli zilikuwa zimefutwa, waziri alikunja uso kwa jinsi alivyojali.

"Hatunaye? Nani anasema hatunaye? Mama, usilie! Subira yupo mwingi! Ghala amejaa Subira! Kama huyo amekwisha, kesho tutakuletea mwingine, tena mwenye ladha ya nanasi!"

Na makofi yakapigwa, maana makofi nayo yalikuwa yameshasukwa.

*

Mtu alimnong'oneza waziri ukweli wakiwa tayari garini. Tusimdhulumu: inasemekana alisikitika. Akatoa amri papo hapo kwamba marehemu na mwanawe waoshwe kwa heshima zote za taifa, na boza lipelekwe msibani, na kamera iende nalo.

Basi maji yakafika Visimani. Yalifika mpaka mlangoni kwa Machano, boza lilelile, dereva yuleyule. Ndani wanawake walikuwa wamemlaza Subira, Heri kando yake amefungwa kitambaa, wanangoja maji ya josho. Dereva akashuka, kofia mkononi. Alishindwa kumtazama Bi Kidawa.

"Pole, mzee wangu. Pole sana." Akasita. "Ila nina amri. Maji ya serikali nisiyamwage ovyo. Niyatie kwenye tangi linalotambuliwa na serikali tu, na kamera ione. Tangi lako liko wapi?"

Machano akageuka. Akaenda kwenye msingi wake, mawe chini, nondo katikati, lipu inang'aa. Akakitwaa kile kitu chenye urefu wa kidole gumba, alichokirudisha pale alipotoka kiwanjani. Akafungua kidomo akakitupa. Akaing'oa koili akaitupa, pamba nyeusi imeungua. Akapangusa kioo na chuma kwa shati, jina la Subira likaonekana vizuri. Akarudi, akapiga goti chini ya mpira wa boza, akakinyanyua kwa vidole viwili mbele ya kamera.

"Tangi ndilo hili," akasema. "Nililichagua mwenyewe. Mimina."

Dereva akatazama kamera, akamtazama mzee.

"Mimina, mwanangu! Si umeamriwa?"

Akafungua. Maji yakaja kwa nguvu, yakajaza kile kioo kabla hujapepesa, kisha yakampiga Machano usoni, kifuani, magotini, yakatiririka uani yakielekea barabarani. Mzee hakushusha mkono. Nyuma yake Bi Kidawa na wanawake wote wa Visimani walikuwa wametoka mbio na ndoo, masinia, sufuria, mabeseni ya watoto, wanakinga, wanakinga.